Kipikipiki Kinachorudi Nyuma

Bariadi, 18 Mei 2025

Mama Limbu,

Mwadila, mayu. Nakuamkia kwa Kisukuma kwa sababu miaka yote ile ya ndoa ulikielewa vizuri kuliko ulivyokiri.

Mimi mzima, na zaidi ya uzima nina bahati. Unanijua. Mvua ikija Bariadi inaanzia shambani kwangu, halafu ndiyo inawauliza majirani kama nao wanahitaji. Nimefika Tunduma, nimefika Lubumbashi nikiwa utingo wa lori, na kila lori lilipopinduka mimi nilikuwa nimeshuka kununua mahindi ya kuchoma. Sasa sikiliza hii. Juzijuzi niliingia duka jipya la vifaa vya kilimo kule karibu na stendi, nikanunua plagi. Plagi moja tu. Wakanipa na kijitiketi, eti wanasherehekea kufungua duka. Nikakitia mfukoni nikakisahau. Jumamosi wakachezesha bahati nasibu, wakaita Masalu. Nikasubiri Masalu mwingine ajitokeze, maana hapa kwetu ukirusha jiwe kwenye umati linampata Masalu. Hakutokea. Nikaenda mimi. Nimeshinda injini ya pampu ya maji, ya petroli, inayowashwa kwa kamba. Watu walipiga makofi hadi fundi wa redio akafunga kibanda aje kuona.

Ninachoomba ni hiki. Likizo ya mwezi wa sita niletee Limbu na Kosta. Nataka tutengeneze kipikipiki. Si cha kununua, cha kutengeneza wenyewe, kidogo, cha kumtosha mtoto, kina injini yangu ya bahati na magurudumu ya toroli. Limbu ana miaka kumi na mitatu na Kosta ana tisa, na hakuna kitu hata kimoja duniani ambacho wamekitengeneza na mimi. Pasaka walipokuja waliniamkia kama vile mimi ni mkaguzi wa shule. Nataka kazi yao ya kwanza ya mikono iwe na baba yao.

Ningekupigia simu, lakini unajua mwenyewe ulichoifanya namba yangu.

Wako wa zamani asiyechakaa,
Masalu


Nyashimo, 24 Mei 2025

Baba Limbu,

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi. Alinipa huku anacheka, kwa hiyo nadhani mliisoma pamoja.

Namba yako nimeifunga kwa sababu kwenye simu unanichekesha. Nikicheka nakubali, nikikubali najuta. Ukitaka jambo andika. Kwenye karatasi utani wako unakaa mahali pamoja nikautazama vizuri.

Habari ya bahati nasibu haijanifurahisha. Niliishi na wewe miaka kumi na moja ukisubiri kushinda. Mikeka ya kubeti mpira, tiketi, nambari za kwenye redio. Sikuondoka kwa sababu hupendi watoto, nalisema hilo ulijue. Niliondoka kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naamka na mtu ambaye maisha yake yanaanza kesho.

Lakini watoto wameisikia hiyo habari ya kipikipiki na Kosta hali vizuri tangu juzi. Basi watakuja. Masharti yangu ni haya. Kosta hakai juu ya hicho chombo bila helmeti. Hakiendi barabarani hata siku moja. Fundi akichomelea, watoto wanageukia ukuta. Na kila Jumapili Limbu ataniandikia, maana nataka maneno yake, sitaki ya kwako yaliyopitia mdomoni kwake.

La mwisho. Tulipoachana sikudai kitu. Wale madume wako wawili wa kulimia, uliowapa majina ya vyeo, Mwenyekiti na Katibu, nilikuachia kwa neno moja: hawauzwi wala hawabadilishwi na kitu. Hao ndio watakaolima chakula cha watoto na ndio watakaompeleka Limbu sekondari. Ulikubali mbele ya kaka yako Mboje. Ukimgusa mmoja wao kwa ajili ya mipango yako, watoto hawatakuja kwako tena. Sitapiga kelele, hawatakuja tu.

Honorata


Bariadi, 28 Mei 2025

Mama Limbu,

Masharti yote nimeyapokea kama mtu anayepokea mahari. Helmeti nimeshaazima kwa kijana wa bodaboda, nimeipulizia dawa ya chawa.

Ng'ombe wanakusalimu. Nimekwenda zizini nikawasomea barua yako kwa sauti, na Katibu ametikisa kichwa kukubaliana na wewe. Siku zote alikuwa upande wako.

Masalu


Bariadi, 15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kosta ana malengelenge mawili kiganjani. Baba alitaka niandike moja.

Kazi inaendelea hivi. Baba alikuwa na mabomba ya chuma na magurudumu mawili ya toroli tayari. Alichora kipikipiki chini kwenye vumbi kwa kijiti, kuku wakakipitia, tukachora upya. Mimi nilipima na Kosta akasugua kutu kwa msasa. Nilimwambia baba bomba la kushoto ni refu kuliko la kulia. Akasema jicho lake limepima malori hadi Lubumbashi. Tukapima kwa futi, likawa limezidi upana wa kidole. Baba akalitazama sana, akasema basi jicho lake limezoea malori, akaleta msumeno. Kisha akanipa mimi nikate.

Fundi Sylvester ndiye aliyechomelea. Tuligeukia ukuta. Kosta aliuchungulia mwanga kupitia kwenye vidole, nikampiga kofi dogo, naomba usimwongezee.

Cheni ilikuwa kavu na grisi hatuna, Kosta akaipaka samli ya jikoni. Sasa mbwa wa baba mkubwa Mboje anashinda hapa. Analamba cheni, akifukuzwa anakwenda kulala kwa mbali akiitazama.

Injini haifanani na kitu kipya. Ina tope lililokaukia pembeni, na mtu ameikwaruza herufi B kwa msumari. Baba anasema B ni ya Bahati. Jana aliifungua yote, akatandaza vipande kwenye gunia la pamba, akatuambia kila mmoja achague kipande akisafishe mpaka akijue kama pua yake. Mimi nilipata kabureta. Kitundu chake cha katikati ni chembamba, nilikizibua kwa unyoya wa mkia wa ng'ombe. Mama, baba tukifunga nati hasemi sana. Anashika tochi na kungoja. Ukikosea anakuacha ukosee kidogo kwanza.

Zizini yuko Katibu peke yake. Baba anasema Mwenyekiti ameazimwa na mzee Bujiku wa Ngulyati, anamlimia shamba. Jioni Katibu anasimama anaangalia njia na kulia. Baba akimsikia anaanza kuimba kwa nguvu.

Kosta anasema nikuandikie kwamba hataki kurudi kabla kipikipiki hakijawaka. Na mimi pia.

Mtoto wako,
Limbu


Nyashimo, 18 Juni 2025

Baba Limbu,

Mimi ni afisa kilimo. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha mimi na watoto wako. Kwa hiyo nieleze, ni nani analima Ngulyati mwezi wa sita? Ardhi imekauka kama kigae na watu wanachuma pamba. Tena analima na dume mmoja, ilhali jembe lenu linavutwa na wawili.

Watoto wamalize likizo yao kwa amani, wanaonekana wana furaha na sitaki kuivunja. Lakini jibu nalitaka.

Samli ni ya kula. Mwambie Kosta.

Honorata


Bariadi, 29 Juni 2025

Mama Limbu,

Hakuna mtu kuanzia hapa hadi Ziwa Tanganyika anayeisoma kalenda ya kilimo kwa ukali kama wewe. Sawa, nilisema kulima kwa sababu mdomo wangu unakimbia kuliko mimi. Ni kukokota. Mzee Bujiku ana dume lake limeumia kwato na pamba yake iko shambani, nami ni mtu wa watu. Mwenyekiti anakokota mkokoteni, atarudi pamba ikiisha. Tuliache hilo, nina habari kubwa kuliko ng'ombe.

Ijumaa tulikisukuma kipikipiki hadi nyuma ya zizi. Kosta kavaa helmeti iliyomfunika hadi mabegani, anafanana na uyoga. Limbu kakagua kila nati kwa kidole, mara ya pili akaniambia mimi nikague, kisha akakagua nilichokagua. Nikavuta kamba. Kikakohoa. Nikavuta tena, kikatema moshi usoni kwangu. Limbu akasema, baba pisha. Akaweka mguu kwenye bomba, akavuta, kikanguruma. Mama Limbu, mimi nimesikia injini za kila kabila, lakini ile sauti ilinikaa hapa kifuani kama ugali wa moto.

Kosta akafungua mafuta. Kikaondoka.

Kilirudi nyuma.

Mtoto anaangalia mbele na anasafiri nyuma, macho yametoka, mikono imeshika usukani kama ulivyomfundisha kushika kikombe, na kipikipiki kinarudi bila haraka, bila aibu, moja kwa moja hadi kwenye ua wa minyaa. Usishtuke. Macho yake mazima. Utomvu wa minyaa unaopofusha wote uliishia kwenye kioo cha helmeti, na nilimwosha uso kwa maji hadi akadai nataka kumbatiza mara ya pili. Heshima ya ile helmeti ni yako, naandika hapa kwa mkono wangu uihifadhi.

Kaka Mboje alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ukoo mzima unakwenda mbele, ni Masalu peke yake amebuni chombo cha kwenda jana. Watoto wa majirani sasa wakiniona wananisalimia wakitembea kinyumenyume.

Limbu hakucheka. Alichuchumaa pembeni ya gurudumu akalitazama hadi giza likaingia. Tumevuta cheni, tumeilegeza, tumeifungua injini tena na kuifunga. Kinawaka vizuri na kinarudi nyuma vizuri. Aliniambia haondoki mpaka kiende mbele. Nikamwambia shule inafunguliwa, akaniambia shule imekuwepo muda mrefu, itangoja. Unaona mtoto uliyemzaa.

Jumamosi nitawapandisha basi. Nimewaahidi kwamba sitagusa nati hata moja mpaka warudi wikiendi ya Nane Nane, tukimalize watatu. Kosta alinitaka niape. Safari hii hakukaa kwangu na mikono magotini kama Pasaka. Alilala na spana.

Tafadhali uwaruhusu.

Masalu


Nyashimo, 13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nimepata.

Jana niliazima baiskeli ya jirani nikaipindua miguu juu. Nikazungusha gurudumu. Nikikaa upande huu linazunguka kama mishale ya saa. Nikihamia upande wa pili, gurudumu lilelile, sijaligusa, linazunguka kinyume cha saa. Kosta alisema ni uchawi. Si uchawi, ni mimi niliyehama. Kwa hiyo injini yetu haina kosa, imekaa upande usio wake. Tuigeuze ielekee kule, spoketi yenye meno na cheni zihamie kulia, na Sylvester atuchomelee kikalio kipya cha injini. Kitakwenda mbele. Nimechora kwenye karatasi, picha iko humu ndani.

Usiiguse. Uliapa.

Jambo jingine. Mama hajui bado. Hapa Nyashimo kuna kombe la mpira, siku ya fainali watachezesha bahati nasibu na zawadi ya kwanza ni dume la ng'ombe. Nimeliona, limefungwa uwanjani, ni jekundu, lina nundu kubwa kama ya Mwenyekiti. Tiketi nimepata kwa Winnie, ninayekaa naye dawati moja. Nimempa mkebe wangu wa hisabati, wote, na bikari yake. Najua mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa. Lakini nimefikiri hivi, baba. Wewe hukuisumbukia ile injini. Uliingia dukani kununua plagi, wakakuita jina. Mimi ni damu yako. Nikilishinda lile dume nitalileta kwako wikiendi ya Nane Nane, Katibu apate mwenzake mpaka Mwenyekiti arudi. Amekonda sana. Asubuhi ya kuondoka nilimwekea chumvi mkononi akakataa kulamba.

Kosta anasema tukishinda, dume lipewe cheo cha Mhasibu.

Wako mpendwa,
Limbu


Nyashimo, 16 Julai 2025

Baba Limbu,

Mwalimu Justina, anayemfundisha hisabati, ameniita shuleni. Limbu amekaa vipindi viwili vya maumbo akichora duara kwa kifuniko cha chupa. Alipoulizwa mkebe uko wapi, akamjibu mwalimu bila kupepesa kwamba watu wa ukoo wake hawahitaji mkebe, wao huitwa majina.

Habari ya tiketi nimeipata kwa Winnie. Sikumchapa. Sikumwambia kitu. Nitamwambia nini? Nikisema bahati ni upuuzi, atanijibu kwamba baba alishinda injini, yeye mwenyewe ameishika, ameisafisha kabureta yake. Mimi sina hoja ya kuishinda injini inayonguruma.

Neno hilo ni la kwako. Kama lipo.

Na lile swali langu bado lipo. Pamba ya Ngulyati imeshapimwa, mikokoteni imelala. Mwenyekiti yuko wapi? Jibu langu ninalo, nataka la kwako. Usinichekeshe. Nilichosema kuhusu wale ng'ombe sijakifuta.

Fainali ya mpira ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Honorata


Bariadi, 20 Julai 2025

Limbu mwanangu,

Marahaba. Barua hii isome kwa sauti, mama yako awepo na Kosta awepo. Ukifika mahali ambapo sauti inakataa mpe mama amalizie.

Kwanza picha yako. Nimeitazama, nimeigeuza juu chini, nimempelekea Sylvester akaitazama, akavua kofia. Uko sahihi. Tulikuwa tunaitazama injini kutoka upande mmoja tu, sisi wote na baba mkubwa wako na kelele zake. Sijagusa nati. Kipikipiki kiko chini ya turubai, na mbwa wa Mboje analala juu yake kama mlinzi anayelipwa samli.

Sasa la pili. Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara inaanza na kichekesho. Hiki nakiacha hapa: mimi nikisema ukweli meno yanauma. Kimeisha.

Mlipokuja Pasaka, Kosta alikaa kwenye kiti changu na mikono magotini, akaomba ruhusa ya kunywa maji. Maji, nyumbani kwa baba yake. Wewe ulinijibu "ndiyo baba" na "hapana baba" siku nzima. Mlipoondoka nilikaa kwenye kile kiti nikajaribu kukumbuka kitu ambacho nimewahi kukifanya na nyinyi kwa mikono. Nilikumbuka hadithi zangu. Nilikumbuka mikeka yangu ya mpira, wewe ulikuwa unanisomea majina ya timu kabla hujajua kusoma kitabu. Hicho ndicho nilichokufundisha, na nimeona umekishika vizuri.

Nikaenda Ngulyati. Mzee Bujiku alikuwa na pampu ya bustani imelala kwenye nyanya, tope limeipanda hadi kwenye kamba. Ile B ni yake, aliikwaruza ili isiibiwe. Nikamwambia nataka injini na yale mabomba na magurudumu ya toroli, na Sylvester, ambaye ni mkwe wake, atuchomelee bure mpaka kazi iishe. Akaniuliza nina nini. Mnadani sikutaka kwenda, kila mtu angeniona na Mboje angejua kabla sijafika getini. Nikamwonyesha nilichokuja nacho kwa kamba. Mzee Bujiku akanishika paji la uso, akaniuliza kama nina homa. Alisema Masalu, hiki hakilingani, rudi nyumbani ulale. Sikurudi.

Mwenyekiti hakuazimwa, Limbu. Halimi, hakokoti. Ni wa Bujiku, na hatarudi. Msimu ukija nitamwomba Mboje dume lake moja nimfunge nira na Katibu, na Mboje atanisema mpaka mvua ikatike, na nitanyamaza. Akikataa nitalima kwa mkono. Mikono ninayo miwili, haijawahi kuzidiwa na kazi kwa sababu haijawahi kukutana nayo.

Mama Limbu, hili ni lako. Niliapa mbele ya kaka yangu kwamba hawataguswa, na nilimgusa mmoja. Ulisema watoto hawatakuja tena. Sikuombi ufute. Nilijua nilichoapa nilipoishika ile kamba, ndiyo maana nikakutungia duka na tiketi na makofi. Niliona ni afadhali unidharau kwa kosa la zamani ulilolizoea kuliko kwa jipya. Ukiamua wasije, nipe siku moja, nitakipakia kipikipiki juu ya basi kije Nyashimo na spana zake, wakimalize huko. Fundi wa kuchomelea hakosekani. Mtu wa kugeuza injini mnaye ndani ya nyumba.

Limbu, ukishaisoma hii, kesho yake asubuhi kabla ya kengele, mrudishie Winnie tiketi yake na uchukue mkebe wako. Akikataa, mwambie kwamba baba yako atamtengenezea kiti cha nyuma cha kipikipiki, hilo naweza. Lile dume jekundu liache lishindwe na watu wengine. Kabureta ile hukuitiwa jina uisafishe. Uliishika siku nzima, ukazibua kitundu kwa unyoya wa mkia wa ng'ombe, na unyoya ule ulikuwa wa Katibu, na Katibu alikuwa anamlilia mwenzake, na mimi nilikuwa naimba ili msimsikie.

Kosta, spana uliyolala nayo ni ya Sylvester. Anaiulizia.

Hakukuwa na duka, hakukuwa na tiketi, hakuna aliyeniita jina. Injini ile sikuishinda. Sijawahi kushinda kitu chochote.

Baba yenu,
Masalu